Jamvi Moja, Gunia Moja

Gervas alisema sitamaliza wiki mbili. Alisema hivyo mbele ya darasa zima siku ya kuchukua vyeti, amevaa suti ya kuazima iliyompwaya mabegani, na watu wakacheka, kwanza kwa sababu Gervas ndiye aliyekuwa mchekeshaji wetu, na pili kwa sababu kila mtu aliamini ni kweli. Mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga Dar es Salaam alisema nitarudi kabla hajapata mpangaji mwingine, akanishauri nisihangaike kubeba godoro. Mhadhiri wetu mmoja, niliyemheshimu, aliniuliza kwa huruma kama kweli nimekosa hata mtu mmoja wa kunisemea wizarani. Kosa langu lilikuwa moja tu. Katika darasa lililofuzu stashahada ya ununuzi na ugavi, mimi peke yangu nilikubali kwenda kuwa mtunza ghala la korosho Bagamoyo. Wenzangu walisema wamesoma ili wakae mezani wapitishe zabuni, si ili walale na magunia. Ghala, walisema, ni kazi ya mtu aliyeshindwa kila kitu.

Miezi michache iliyopita nilikutana nao tena, wale waliobaki. Wanafunzi wa ugavi walikuja Bagamoyo kwa ziara ya masomo, wakatuomba sisi wahitimu wa zamani tuwaeleze njia za kazi zilizo mbele yao. Tuliketi kwenye ukumbi wa mikutano, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, maji ya chupa mezani. Gervas alizungumzia ununuzi. Mwenzetu mmoja alizungumzia forodha, mwingine usafirishaji. Mimi nilizungumzia maghala, na sitajifanya mnyenyekevu: ndimi niliyesikilizwa kuliko wote. Nimeendesha maghala ya tende, ya saruji, ya dawa na ya samaki wa barafu, Maskati na Salala, miaka mingi, chini yangu watu wa mataifa sita. Nimerudi nyumbani nina ghala langu mwenyewe kwenye barabara ya kwenda Msata, na sikurithi hata msumari. Binti mmoja aliyekaa mstari wa mbele aliniuliza kazi hii inataka mtu wa namna gani. Nikamjibu inataka mwaminifu anayejua hesabu. Nilipigiwa makofi. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani niliona nimemdanganya yule mtoto, maana nilichojifunza mwaka wangu wa kwanza hakikuwa uaminifu wala hesabu. Nilijifunza kuogopa, na nilijifunza vibaya.

Nilifika mwanzoni mwa msimu nikiwa na begi moja na lile godoro nililokatazwa kulibeba. Nilipanga chumba cha uani kwa Bi Thuwaiba, mjane wa ukoo wa Kiomani ambaye marehemu mumewe aliuza vitambaa mjini. Chumba kilikuwa na dirisha dogo, kitanda cha kamba, na ukuta wa mbao uliokitenga na jiko. Mbao zile zilikuwa na nyufa pana, hata moshi wa kuni na harufu ya iliki vikawa ndiyo saa yangu ya kuamka, na kila neno lililosemwa jikoni lilinifikia kama nimeambiwa mimi. Chakula kilikuwa ndani ya kodi: asubuhi mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, mchana wali na mchuzi wa papa, jioni kiporo chochote kilichopashwa moto. Upande wa pili wa chumba changu palikuwa na stoo ya majamvi. Bi Thuwaiba ndiye aliyekabidhiwa majamvi ya mtaa, yale yanayotandikwa kwenye matanga, maulidi na harusi. Kila nyumba ilikuwa imetoa lake, na kila jamvi lilikuwa na alama ya mwenyewe pembeni: uzi mwekundu, kipande cha kanga, kifungo cha shati. Hakuwa na daftari. Mtu akifiwa, alifungua mlango, akatoa, na shughuli ikiisha yakarudi yote. Siku ya kwanza aliniambia sisi ni wenza wa kazi. Nilicheka kwa adabu. Nilikuwa na cheti kwenye begi.

Ghala lilikuwa jengo refu la matofali lenye paa la bati, nje kidogo ya mji. Wapagazi waliongozwa na mnyapara anayeitwa Kopa, mtu mfupi mwenye shingo nene, asiyejua kusoma. Siku niliyojitambulisha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba jambo moja: tunapopanga magunia, tuache njia ya paka ukutani. Nilimweleza kwamba kitaalamu hiyo inaitwa nafasi ya ukaguzi, na kwamba haipimwi kwa paka, ni mita moja kamili. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wetu wa mwisho na nililipata. Kopa alitikisa kichwa taratibu. "Sawa, mkuu," alisema. "Paka hajui mita."

Msomaji asiyeijua korosho ya kwetu inabidi aelewe kitu kimoja. Mkulima hauzi korosho zake siku anapozileta. Anazikabidhi ghalani, anapewa stakabadhi, anarudi kwake kusubiri mnada. Mpaka mnada upite, mwaka wake mzima ni ile karatasi na yule mtu aliyeshika ufunguo. Nilimwona Mzee Pazi, mwenyekiti wa wakulima wa upande wa Kiwangwa, akiikunja stakabadhi yake ndani ya mfuko wa nailoni, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kwa pini. Aliniangalia kidogo kabla ya kuondoka, kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani mpya.

Kisha korosho zikaja zote kwa pamoja. Malori yalipanga foleni mpaka barabarani. Meneja, ambaye alikaa Dar es Salaam na kuliendesha ghala kwa simu, alinipigia akasema nisirudishe lori hata moja. Mwaka huo nilitamani sifa kuliko chakula. Chaga za mbao za kuwekea magunia zilipokwisha, niliagiza mstari wa chini ulazwe sakafuni juu ya magunia matupu. Nafasi ilipokwisha, niliagiza tujaze pengo la ukuta wa nyuma. Kopa alisimama na gunia mgongoni, jasho likimchuruzika, akaniuliza kama nimesema tujaze. Nikasema jazeni. Akauliza mara ya pili, polepole, kama anayemsaidia mtu kusikia sauti yake mwenyewe. Nikasema jazeni. Hakuuliza mara ya tatu. Jioni ile nilipiga picha ya magunia yaliyonyooka kama mistari ya daftari, nikamtumia meneja, nikamtumia na Gervas.

Mvua za vuli zilipiga siku tatu. Mfereji wa paa uliziba majani, maji yakarudi ndani, yakashuka taratibu kwenye ukuta wa nyuma. Kama pengo lingekuwepo ningeyaona siku ya kwanza. Kwa kuwa halikuwepo, nilipita mbele ya magunia kila asubuhi na kuandika kwamba mali yote iko salama.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi nilipoisikia ile harufu, kama ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Nilipanda juu ya magunia, nikatambaa mpaka nyuma, nikapenyeza mkono kati ya magunia mawili mpaka begani. Nilitarajia baridi. Nilikuta joto, joto la mwili wa mtu mwenye homa. Korosho zilizolowa zikianza kuvunda hujipasha zenyewe, nami nilijua hilo vizuri kwa sababu nililikariri. Nilipouchomoa mkono ulikuwa umelowa, na ukungu wa kijani umeingia chini ya kucha. Nilibaki nimelala juu ya magunia yale, nikisikiliza wapagazi wakitaniana mlangoni. Kisha nikashuka, nikawaambia leo hakuna kazi, nikafunga mlango kwa kufuli. Kopa alinusa hewa, akatazama mkono wangu, akaondoka.

Yaliyofuata ni siku tatu ambazo sipendi kuzikumbuka. Mtu anayeniona leo nikikagua ghala hawezi kuamini kwamba niliwahi kujifungia chumbani mchana nikiwa nimejifunika shuka. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi inayofuata, na mnada siku moja baadaye. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje nilidhani ni polisi, au wakulima wenye mapanga. Nilifungua begi nikakitoa cheti, nikakisoma jina langu mara nyingi mpaka likawa kama la mtu mwingine. Sahani za wali zilikuja na kurudi kama zilivyokuja. Hata chai sikuigusa.

Jumamosi nilikwenda kuangalia kufuli, nikamkuta Dula. Kila mtu barabara ile alimjua. Alikuwa mtu wa kangomba, anayenunua korosho kinyume cha sheria kwa wakulima wenye shida, kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, na kuzificha Chalinze. Sijui nani alimwambia. Aliketi kwenye benchi mbele ya ghala lililofungwa, anakula vipande vya nanasi kwa chumvi na pilipili, akanikaribisha kama pale ni kwake. Alisema anaelewa, vijana wanateleza. Yeye angeleta magunia makavu Jumatatu asubuhi na Fuso, angeondoka na yaliyolowa, alama zingeandikwa upya, na hakuna mkulima angejua. Nilimuuliza anataka nini.

"Sitaki kitu, kaka. Msimu ukiendelea, nikigonga mlango, unafungua. Basi."

Nilikubali. Nimewasimulia watu wengi habari za mwaka ule, lakini hili naliandika kwa mara ya kwanza: nilikubali, na tukapeana mikono, na mkono wake ulikuwa unanata maji ya nanasi. Aliponiona nimelegea aliniambia kwa upole nisiogope, mimi ni wa tatu msimu huu. Nadhani alitaka kunifariji. Nilirudi chumbani nikiwa naogopa mara mbili, kwa korosho zilizolowa na kwa zile ambazo bado zilikuwa kavu.

Jumapili asubuhi Bi Thuwaiba na jirani yake, Mama Rukia, walikuwa jikoni wanakuna nazi. Nilikuwa nimelala ukutani, nikawasikia wakinijadili kana kwamba mimi ni habari ya redioni. Bi Thuwaiba alisema leo siku ya tatu sahani inarudi haijaguswa. Mama Rukia akasema basi kapenda.

"Mtu aliyependa huoga," alisema Bi Thuwaiba. "Huyu haogi."

"Basi kaiba."

"Aliyeiba hula, tena hula vizuri."

Walicheka, mbuzi ya nazi ikaendelea kukwaruza, kisha ikanyamaza. Nikasikia mwiko ukigonga ubao karibu na sikio langu. "Sudi," alisema, na safari hii hakucheka. "Umependa au umeiba?"

"Nimelowesha, Bi Thuwaiba."

Aliniita nje, akanikalisha kigodani kati ya vifuu vya nazi, nikawaeleza yote, na habari za Dula pia. Mama Rukia alishika mdomo. Bi Thuwaiba hakunipa pole. Aliniuliza kama wenyewe wanajua. Nikamuuliza wenyewe gani, meneja? Akaniangalia kama niliyeuliza jua linachomoza wapi. "Wenye korosho," alisema. "Umekaa siku tatu na mali ya watu inaoza, na wenyewe wako kwao wanahesabu bati watakazonunua." Akanichotea uji, akaniamuru ninywe wote kabla sijaondoka, kwa sababu, alisema, kwenda kuuawa na njaa tumboni si adabu. Niliunywa. Ulikuwa na nazi na pilipili manga, na ulikuwa wa moto, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kitu kilishuka kooni.

Nilipanda bodaboda mpaka Kiwangwa. Njia nzima, mananasi pande zote mbili, nilitunga maelezo: mvua ilizidi, paa si langu, meneja ndiye aliyeagiza. Nilimkuta Mzee Pazi na wenzake kama kumi wakila mihogo ya nazi na dagaa kibarazani. Nilisema shikamooni, wakaitikia marahaba, na kabla sijafungua mdomo wakaninawisha mikono. Huwezi kukataa chakula cha watu Kiwangwa. Nikala mihogo yao huku nikijua nilichobeba. Tulipomaliza Mzee Pazi akasema haya, tuambie. Nikasimama. Yale maelezo yote niliyoyatunga yalinitoka. Nikasema nilijaza pengo la ukuta, nililaza magunia sakafuni, nilikatazwa sikusikia, maji yameingia. Mama mmoja aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia akilia kwa sauti ya chini. Mwanamume aliyekaa karibu na mlango alisema nifungwe kamba hapo hapo mpaka korosho zirudi. Nikaanza kusema jinsi nisivyolala, jinsi moyo unavyoniuma.

Mzee Pazi alinikata. "Usituambie unavyoumia. Tuambie magunia mangapi, na ya nani."

Hapo, nasema bila aibu, ndipo nilipojua kwamba nimesoma. Sikuwa na karatasi. Nilifumba macho, nikauona ule ukuta, nikayataja magunia yaliyouegemea na yaliyolala sakafuni, moja moja, kwa namba iliyochorwa ubavuni na jina la mwenyewe, kuanzia pembe ya mlango mpaka pembe ya mwisho. Sitini na mawili. Walisikiliza kwa ukimya ambao sijawahi kuupata kwenye ukumbi wowote. Aliyesikia jina lake aliinamisha kichwa. Yule aliyetaka nifungwe kamba hakutajwa, na nilimwona akishusha pumzi, kisha akaona aibu ya kushusha pumzi.

Walishauriana kwa Kikwere, mimi nimesimama. Kisha Mzee Pazi akanieleza. Mkaguzi anakuja Alhamisi, jua lipo siku tatu kama Mungu akipenda, korosho zitaanikwa. Lakini kila mtu na zake. Gunia lililolowa sana na gunia lililolowa kidogo yakimwagwa pamoja, mwenye zuri atambebea mwenye baya, na wao ni majirani, kesho hawatasalimiana. Turubai moja kubwa hapana. Kila gunia na tandiko lake, mwenyewe akilisimamia. Na huyo Dula akija Jumatatu, alisema, atatukuta.

Matandiko sitini na mawili. Nilirudi mjini alasiri, nikamweleza Bi Thuwaiba, naye akafungua stoo. Yalikuwamo majamvi ishirini na matatu. Yaliyobaki, alisema, nikaazime mlango kwa mlango, na kwa sharti lake: nisimfiche mtu yanakwenda kufanya kazi gani. Nikisema nataka jamvi la maulidi, hanipi hata yale ya stoo. Kwa hiyo mimi, niliyetuma picha ya magunia yangu kwa watu wanione, nilizunguka mtaa nikibisha hodi na kusema mimi ndiye mtunza ghala, nimelowesha korosho za watu wa Kiwangwa, naomba jamvi. Fundi cherehani mmoja aliniuliza kama na stashahada imelowa, niianike pamoja. Mzee wa msikiti alinitazama kwa muda mrefu, akanipa matatu. Wengine walifunga mlango. Nilikwenda mpaka Kaole, na wanawake wa kule walinipa tisa, kila mmoja akinionyesha alama yake na kunifanya niitaje kwa sauti. Nilizikariri zote, uzi wa bluu kwa fulani, kifungo cheusi kwa fulani. Giza lilipoingia nilikuwa na sitini na moja.

Nilisema labda gunia la mwisho tutalimwaga kwenye magunia matupu. Bi Thuwaiba aliingia chumbani kwake, akainama chini ya kitanda, akatoka na kitu kilichoviringishwa ndani ya shuka jeupe. Ulikuwa mkeka mpya wa ukindu, umesukwa vizuri, ukili wa zambarau na ukili wa kijani, haujawahi kukaliwa. Watu wa kwetu wanajua mwanamke mzee anauwekea siku gani mkeka wa namna hiyo: siku ya kubebwa kwenda kaburini. Nilirudi nyuma.

"Huo siuchukui, Bi Thuwaiba."

"Ni mkeka, Sudi. Na mimi bado nipo."

Jumatatu uwanja wa mpira ulio karibu na ghala ulijaa. Wakulima waliteremka na lori alfajiri, kila mtu akasimama kwenye jamvi lake, jiwe lenye namba pembeni, na Kopa na watu wake wakayatoa magunia yaliyolowa. Mengine yalipofunguliwa yalitoa moshi kama sufuria. Fuso la Dula lilikuja saa tatu, likapunguza mwendo, dereva akautazama uwanja mzima wa watu walioinama, likaongeza mwendo kuelekea Msata. Mara kadhaa mwaka ule nilimwona Dula kwa mbali. Hakunisalimu tena.

Siku tatu nilitazama mbingu. Hata miaka ile ya Maskati, mahali mvua inakuja kama mgeni wa miaka, wingu likipita nilisimama kulitazama. Kila lilipotanda, Mzee Pazi alipiga mluzi, na majamvi sitini na mawili yakakunjwa kwa mara moja, korosho zikakimbizwa ndani, kisha zikatolewa tena. Jumanne tulifanya hivyo mara tano. Wanawake walichambua zenye ukungu kwa mikono. Niliogopa mvua, nikaogopa mkaguzi, nikaogopa zaidi yule mama aliyelia nyuma ya nyumba, ambaye jamvi lake lilikuwa ule mkeka wa Bi Thuwaiba, na ambaye hakunisemesha siku zote tatu. Kopa naye hakuwahi kunikumbusha neno. Aliniambia tu, mkuu, shika upande ule, nami nikashika.

Meneja nilimpigia Jumapili ile ile. Alinitukana mpaka salio likaniishia. Alhamisi alikuja mwenyewe, akamkuta mkaguzi amekwisha kuanza, anachota kiganja kimoja kutoka kila gunia, anapasua korosho kwa kisu, anatazama ndani, anaandika. Mimi mwenyewe nilimwambia mkaguzi yapi yalilowa, kabla hajauliza. Magunia hamsini na matano yalipita daraja la kwanza. Saba yaliangushwa daraja la pili, na tofauti ya bei ilikatwa kwenye mshahara wangu, kwa ombi langu. La yule mama lilipita. Aliliangalia gunia lake likishonwa, akapangusa vumbi la korosho kwenye kanga yake, akaniambia, "Mwakani, mwanangu, uogope siku ya kwanza." Basi. Meneja alisema angenifukuza siku ile ile, ila hakuna mwingine aliyejua gunia lipi ni la nani.

Nikiwa kwenye ule ukumbi, binti wa mstari wa mbele ananisubiri nijibu, hilo ndilo nililopaswa kumwambia. Njia zote walizoorodheshewa, ununuzi, forodha, usafirishaji, ghala, mwishoni kuna mtu asiyekuwepo chumbani ambaye mali yake iko mikononi mwako. Mimi nilimwogopa meneja, nikaogopa jela, nikaogopa Gervas atasema nini. Mzee Pazi sikumwogopa mpaka nilipokula mihogo yake. Nimeajiri vijana wengi tangu wakati huo, na sijali sana cheti, ingawa changu nimekitia fremu na kiko ukutani ofisini, kila mgeni anakiona.

Kurudisha majamvi kulichukua muda kuliko kuyaazima. Yalikuwa yananuka, yana madoa, mengine yamekatika kwa reki. Niliyafua mawili au matatu kila siku baada ya kazi, kwa sabuni ya mche na maji ya kisima, nikayaanika kwenye kamba uani, nikayapeleka mwenyewe, sikumtuma mtu. Kila mlango nilitaja alama. Fundi cherehani alilikagua lake nyuma na mbele, akasema heri stashahada imekauka. Mzee wa msikiti aliyatandika yake matatu pale pale, akaniambia nisali. Wanawake wa Kaole walinionyesha jinsi ya kushona ukili uliokatika, wakanicheka vidole vyangu, na niliporudi mara ya tatu waliacha kunicheka. Nilihitaji ujuzi huo, kwa sababu ule mkeka wa zambarau na kijani ulikuwa umepasuka mshono katikati, na sikutaka mkono wa mtu mwingine uuguse. Nilitafuta ukindu uliotiwa rangi ile ile, nikaushona chumbani kwangu jioni baada ya jioni, nikafumua, nikashona tena.

Msimu ulikuwa umekwisha nilipomaliza. Majamvi sitini na moja yalikuwa yamekwisha kurudi kwa wenyewe. Nilimkuta Bi Thuwaiba ukumbini anachambua mchele, nikamkabidhi mkeka kwa mikono miwili, umeviringishwa kwenye lile shuka lake jeupe nililolipiga pasi. Aliweka ungo kando. Aliutandika sakafuni, akapitisha kiganja kwenye mshono wangu kutoka mwanzo hadi mwisho, akanusa, akasema una korosho. Kisha akavua ndala, akajilaza juu yake chali, akanyoosha miguu, akaweka mikono ubavuni, akafumba macho. Alikaa hivyo. Nilisikia nzi ukumbini. Uso wake ulikuwa umetulia mno, na mimi, niliyedhani nimemaliza kuogopa kwa mwaka ule, nilimwita jina lake.

"Unanitosha," alisema bila kufumbua macho. "Sasa nivute, mgongo umekaza."

Nikamshika mikono yote miwili, nikamvuta, akainuka.